Mwalimu Wabwire Anaenda Kwao

Disemba ikiingia, mtaa wa Migosi ulikuwa na swali moja tu, na swali lenyewe halikuwa kama unaenda kwenu. Lilikuwa unaenda lini. Kwamba utaenda, hilo halikujadiliwa. Mtu mzima mwenye kazi na viatu vya ngozi atafanya nini mjini Krismasi ikifika, na kwao kuna watu wanamngoja? Wanaobaki mjini ni walinzi, wagonjwa na watu waliogombana na ndugu zao. Kwa hiyo mwaka ule wa themanini na tatu, Milka, jirani wa nyumba ya pili, alipoinua kichwa kutoka kwenye karai la nguo akamuuliza Mwalimu Wabwire swali hilo, mwalimu alijibu bila kufikiri.

"Mwalimu, unaenda dala lini?"

"Tarehe ishirini."

"Na dala yenu, kwenu kabisa, ni wapi vile?"

"Port Victoria."

Uongo wenyewe haukuwa mkubwa, ukiupima. Wabwire alikuwa Msamia, na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, lugha ile ile, samaki wale wale, majina yale yale. Ila yeye alikuwa wa upande wa Uganda. Alizaliwa ng'ambo ya ghuba, mahali ambapo, kutoka ufuko wa Port Victoria, asubuhi isiyo na ukungu, mtu huona mstari wa miti na mabati mawili matatu yakimeta. Alivuka kuja Kenya mwaka wa themanini na moja, wakati walimu wengi wa kwao walipokimbia vita na vyeti vyao wakiwa wamevishonea ndani ya koti, akapata kazi ya kufundisha hesabu katika shule moja ya harambee pale Kisumu. Mwalimu mkuu alijua anakotoka. Mtaani Wabwire hakumwambia mtu, kwa sababu miaka ile neno "Mganda" askari walilitamka kabla tu ya kuomba kitambulisho, na mwenye akili zake hakulitafuta.

Basi tarehe ishirini ilipofika ilibidi aende, na huwezi kwenda kwenu mikono mitupu, mtaa mzima ukikutazama. Alinunua sukari, majani ya chai, mkate mrefu, mafuta ya kupikia na kitambaa cha kichwa cha mama mzee, chenye maua ya samawati. Milka alikishika kile kitambaa, akakipima kwa vidole, akasema, "Hii mama yako atafurahi. Salimia watu ya kwenu wote." Wabwire akasema atawasalimia, na wakati huo alikuwa anasema kweli. Miaka miwili ilikuwa imepita hajamwona mama yake, na mpango wake ulikuwa kufika Port Victoria, kutafuta mwenye boti, kuvuka alfajiri, kula Krismasi kwao, kurudi kabla ya shule kufunguliwa.

Alifika jioni, akaelekezwa kwa mjane mmoja aitwaye Maximilla, mkausha samaki, mwanamke mnene wa sauti nene, aliyekuwa na kijumba kitupu cha mwanawe aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi akasahau kurudi. Maximilla alimpa chumba na akamwonyesha Masinde, mwenye boti aliyejua kila jiwe la ghuba ile. Masinde alisikia jina la Wabwire na kijiji chake, akamtazama vizuri usoni. Akasema ni afadhali atangulie yeye kwanza na salamu, ili wenyewe wajiandae. Wabwire hakuona ubaya. Alimngoja siku nzima ufukoni, kapu la zawadi miguuni, na vijana waliovua samaki wa mbuta wakimtania kwamba mkate wake utaota ukungu.

Masinde alirudi bila kucheka. Alikuwa amekutana na Egesa, mdogo wa marehemu baba yake Wabwire, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma. Na habari aliyoleta ni hii.

Mwaka uliotangulia kulikuwa na lori lililoshambuliwa njiani, na mtu mmoja akaja kijijini akasema kwa kiapo kwamba Mwalimu Wabwire alikuwamo. Walingoja mwili, mwili haukuja. Kule kwao mtu asipopatikana haachwi akielea tu duniani, hajulikani kama yuko au hayuko. Walikata shina la mgomba la urefu wake, wakalifunga shuka nyeupe, wakalilaza nyumbani, wakalikesha, wakalilia, wakachimba kaburi kando ya baba yake, na kila mtu akapita akatupa udongo. Siku hiyo Wabwire huenda alikuwa Kisumu anasahihisha mitihani ya kidato cha pili na kulalamika juu ya chaki mbovu.

"Mzee Egesa anasema hivi," Masinde alisema, macho yakiwa kwenye maji. "Kama huyo aliyekutuma ni Wabwire kweli, asikanyage pale. Sisi tulishamzika. Mtu aliyezikwa akipita langoni, lile kaburi litadai mtu wa badala, na litaanza na aliyemzaa. Kama anampenda mama yake, akae huko huko aliko."

"Na mama?"

"Mama haambiwi. Hata mimi nimekatazwa."

Cheka ukitaka. Wabwire mwenyewe alikuwa na cheti cha hesabu na fizikia, na darasani aliwacheka wanafunzi waliokataa kukaa dawati lililotuliwa na bundi. Watu pia watasema Egesa alikuwa ameshalima pamba kwenye shamba la marehemu, na huenda ni kweli, maana binadamu anaweza kuogopa laana na kupenda shamba kwa wakati mmoja. Lakini angalia jinsi tishio lenyewe lilivyofungwa. Lingekuwa linamhusu Wabwire peke yake, angevuka siku hiyo hiyo akapita langoni akipiga mluzi. Lilimhusu mama yake. Hesabu yote aliyoijua haikumpa ujasiri wa kujaribu jambo ambalo likiwa kweli halirudishiki. Alimpa Maximilla lile kapu lote, kitambaa na kila kitu, akakaa Port Victoria hadi Januari, kwa sababu Migosi walijua amekwenda kwao.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na jambo likishaanza hivyo hujiendesha lenyewe. Kila Disemba Milka aliuliza unaenda lini, kila Disemba Wabwire alinunua sukari na kitambaa, akapanda basi la Busia, akashuka Bumala, akashika gari la ziwani. Asubuhi aliketi ufukoni akitazama ng'ambo. Alijua moshi wa jikoni kwa mama yake ulitoka upande gani wa ile miti, au alijiaminisha kwamba anajua. Januari alirudi amechomwa na jua, na Milka akimuuliza wako wazima, alisema wako wazima. Kwa Masinde alikuwa na swali moja tu kila mwaka, kama mama yake bado anatembea, na Masinde alijibu anatembea, na kwa jibu hilo aliishi miezi kumi na miwili mingine.

Amani iliporudi Uganda, walimu wenzake wa kule walianza kufunga virago mmoja mmoja. Oduor, aliyefundisha Kiswahili na kupenda kujua mambo ya watu, alimuuliza katika chumba cha walimu, "Na wewe Bwana, mbona hurudi? Ama umepata bibi ya Kisumu unatuficha?" Wabwire alicheka, akasema mshahara wa huku ni afadhali. Disemba ya themanini na saba mpaka ulifungwa kwa ugomvi wa wakubwa wa nchi mbili, na watu wengi walilia kwamba hawataona ndugu zao Krismasi. Wabwire aliona aibu kukiri hata moyoni, lakini mwaka ule alilala vizuri. Kwa mara ya kwanza hakuwa peke yake aliyezuiwa.

Mke hakuoa. Mara mbili aliikaribia habari hiyo, na mara mbili wakubwa wa msichana wakasema vizuri, tutakuja kuona kwenu. Hapo ndipo mazungumzo yalipokufa. Watu wa Migosi walisema mwalimu ni mtu wa kujitenga, mpole, asiyependa makuu. Ukweli ni kwamba alikuwa mtu mwenye huzuni, na huzuni hiyo aliificha kwa heshima kubwa.

Disemba ya mwaka wa tisini alifika Port Victoria akitetemeka. Alidhani ni uchovu wa safari. Siku ya pili hakuweza kuinuka, na siku ya tatu alianza kuwapa wanafunzi wasiokuwapo kazi ya nyumbani. Maximilla alimleta mtu wa zahanati akamdunga sindano ya malaria, akamnywesha uji kwa nguvu, akafukuza kuku mlangoni. Homa iliposhuka kidogo na macho ya mwalimu yakapata mwelekeo, Maximilla aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda. Miaka yote hiyo alikuwa hajamuuliza kitu. Lakini kuna swali ambalo katika sehemu zile mwenye nyumba hawezi kulikwepa mgeni akizidiwa, na yeye aliliuliza wazi.

"Mwalimu, hii homa yako si ya mchezo. Sasa niambie. Ukinifia hapa, mimi nitapeleka wewe wapi?"

Wabwire alitazama paa la nyasi.

"Hakuna haja, Mama. Mimi nilishazikwa."

Maximilla alidhani homa imerudi, akanyoosha mkono kumgusa paji. Kisha akaona kwamba anaongea akiwa na akili zake. Wabwire alimweleza yote, polepole, akisimama kupumua, lori na shina la mgomba na neno la Egesa, na kapu la kila mwaka, na kwa nini Krismasi zote hizo anakaa ufukoni kama mtu aliyeibiwa nyavu. Maximilla alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, kwa sababu hakuwa mtu wa kulia, lakini alikuwa amekasirika vibaya sana, na hakujua amkasirikie nani.

"Na kwa hiyo mambo yote, mama yako alisema nini?"

"Mama hajui kama niko hai."

"Mimi naulizia mama, wewe tangu mwanzo unaniambia Egesa." Maximilla aliinuka, akajifunga leso kiunoni. "Lala."

Alimkuta Masinde akiziba boti yake kwa lami. Mazungumzo yao yalisikika ufuko mzima, kwa sababu Maximilla hakujua kunong'ona. Masinde alisema yeye alikatazwa na mzee wa boma, na si mtu wa kuingilia mambo ya makaburi, ana watoto. Maximilla akamwambia hakuna aliyemwomba aingize mtu aliyezikwa kwenye boma la mtu. Ametumwa kwenda kumchukua mama aliye hai na kumleta Port Victoria, safari ya boti kama safari nyingine yoyote. Lango halihusiki.

"Na laana ikitoka?"

"Itoke kwangu. Mimi si wa ukoo wao, na tena ni Mkatoliki. Itanipata wapi?"

Masinde alivuka kesho yake asubuhi. Baadaye alipenda kusimulia jinsi ilivyokuwa, na kila mara alisimulia vile vile. Alizunguka boma kwa nyuma, akamkuta bibi kizee peke yake anamenya mihogo. Tangu mazishi yale hakuna aliyekuwa akimwita tena Mama Wabwire. Walimhamishia jina kwa mtoto wa pili, wakawa wanamwita Mama Oguttu, kama desturi inavyotaka kwa mama aliyepoteza wa kwanza. Masinde alikuwa amepanga maneno mengi ya kuanzia, yakampotea yote. Akajikuta anasema tu, "Mama Wabwire."

Na yeye akaitika. Aliitika upesi, kisu mkononi, kisha ndipo akainua macho kuona ni nani.

Masinde akamweleza. Bibi kizee hakupiga kelele wala hakuanguka. Aliuliza jambo moja tu, kama mwanawe anakula. Masinde akasema anakula uji kidogo. Bibi akaosha mikono, akafunika mihogo, akachukua fimbo yake, akasema twende.

Ilikuwa mchana wa mkesha wa Krismasi. Wabwire alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, akisikia watoto wa jirani wakifanya mazoezi ya nyimbo za kanisani. Alisikia fimbo ikigonga kizingiti. Halafu akasikia mtu akikohoa kile kikohozi kifupi cha kutoa taarifa kabla ya kuingia, na mwili wake ukakitambua kabla ya akili. Alivuta blanketi akajifunika kichwa, akageukia ukuta. Mwanamume wa miaka arobaini, mwalimu wa hesabu, alijifunika kama mtoto anayeogopa radi.

"Wabwire."

Akalishikilia blanketi kwa mikono miwili.

"Wabwire, geuka."

"Mama, toka nje. Usinitazame. Baba Egesa alisema..."

"Najua alichosema. Masinde ameniambia tukiwa majini, na nusura nimtupe mle mle kwa kukaa nacho miaka yote hii." Aliketi kwenye kigoda, na kigoda kikalia. Alikuwa anahema kwa safari. "Sasa nisikilize na mimi. Siku walipozika lile shina, kila mtu alipita akatupa udongo. Walinipa na mimi wangu, wakanishika mkono kunisogeza. Nilipofika kwenye shimo nilifumba ngumi. Nikapita. Nikaenda na udongo wangu mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, nikaumwaga kule. Hakuna aliyeniona, walikuwa wanalia. Kwa hiyo wao walizika. Mimi sikuzika."

Blanketi lilitulia, kisha likaanza kutikisika.

"Lakini ikiwa ni kweli, Mama? Ukifa kwa ajili yangu?"

Nje watoto walikosea wimbo wakaurudia tangu mwanzo.

"Wewe uliogopa nisife," mama yake akasema. "Miaka yote hii nimelala na kuamka katika ile nyumba, kaburi lako liko mlangoni, naambiwa nisahau. Ulidhani naishi?"

Hapo Wabwire aligeuka. Alikuta uso uliokuwa umezeeka kuliko ule aliouweka moyoni, mdogo, meno yamepungua, macho yale yale. Walitazamana, na hakuna aliyekufa. Mama alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, akasema amekonda na nani amemkata nywele vibaya hivyo. Wabwire alilia kwa sauti, na Maximilla, aliyekuwa mlangoni muda wote akijifanya anafagia, akaenda kuwafukuza watoto wa kwaya wakaimbie mbali.

Walikula Krismasi kwa Maximilla, samaki wa ngege wa kukaanga na ugali wa mtama. Mama na mwana waliongea mpaka sauti zikakauka. Waliofariki, waliooa, ng'ombe aliyezama, mdogo wake Oguttu aliyefungua kibanda cha kinyozi Tororo. Jioni mama akasema kwamba asubuhi wanavuka wote wawili. Wabwire alimwambia kuhusu lango. Mama akasema ameshalifikiria, na hakueleza zaidi.

Masinde aliwavusha maji yakiwa shwari. Habari ilikuwa imetangulia, kama kawaida ya ziwa lile, na walipopanda kutoka ufukoni waliona Egesa amesimama langoni mwa boma, fimbo mkononi, na nyuma yake watu wa ukoo wamekusanyika kimya. Alikuwa mzee sasa, amepinda. Wabwire alisimama njiani.

Mama yake hakwenda langoni. Alikata kushoto, akauzunguka ua, akafika nyuma ya nyumba yake ambako mihogo ilikuwa imepanda juu kuliko kichwa chake. Ua pale ulikuwa na pengo la kupitisha kapu. Alipanua matawi kwa fimbo.

"Pita hapa. Hapa ni kwangu, na mimi sikukuzika."

Wabwire aliinama akapita. Alisimama katikati ya mihogo ya mama yake akipumua, majani yakimgusa usoni, na hakujua aweke wapi mikono yake.

Egesa alikuwa amewafuata akipitia ndani ya boma. Alisimama mwisho wa shamba, akamtazama mtu yule kwa muda mrefu, na hofu iliyokuwa usoni pake haikuwa ya kuigiza. Yeye ndiye aliyelikata lile shina la mgomba. Yeye ndiye aliyelipima kwa urefu wa mtoto wa kaka yake, kwa mkono wake mwenyewe.

"Shemeji," mama akamwambia, bila ukali, "lango lako tumeliheshimu. Sasa njoo umsalimie mtoto wako."

Mzee alikuja hatua kwa hatua, akishika miti ya mihogo. Alinyoosha mkono polepole, kama mtu anayejaribu sufuria asije akaungua, akagusa vidole vya Wabwire, kisha kiganja, kisha akakishika chote kwa mikono yake miwili. Akageuza uso kuwatazama ndugu waliokuwa wamesimama mbali.

"Ana joto," akasema. Halafu akaketi chini pale pale kwenye udongo, bado ameushika ule mkono, akaanza kulia.